Kitabu cha kupaka rangi cha viumbe wa kale: tuhesabu miguu kwanza

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nina kitabu cha watoto cha kupaka rangi, na humu ndani wamejaa viumbe wa visasili vya kale, wa Ugiriki, Misri na Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Nimekaa nacho wiki mbili pamoja na mwanangu wa miaka sita, ndiyo maana mnaona kurasa zimeshachafuka.

Nianze na huyu hapa, maana ndiye aliyenifanya nikipende. Anaitwa lamassu, mlinzi wa malango ya majumba ya wafalme wa Ashuru. Mwili wa fahali, mabawa ya ndege, kichwa cha mtu mwenye ndevu. Sasa hebu hesabuni miguu. Mmoja, miwili, mitatu, minne... mitano! Mchoraji hajakosea. Wachongaji wa Ashuru walimchonga hivyohivyo: ukisimama mbele yake unaona miguu miwili, ametulia, ukienda ubavuni unaona minne, anatembea. Ingekuwa rahisi sana kuufuta ule wa tano, lakini ameuacha. Mwanangu alihesabu mara tatu kabla hajashika penseli, na mimi hicho ndicho ninachokitafuta kwenye picha ya mtoto: imfanye atazame.

Grifini naye amechorwa vizuri. Manyoya ya tai yanaishia hapa shingoni, mwili wa simba unaanzia hapa, mtoto haulizi rangi ibadilike wapi.

Sasa karatasi. Jamani, karatasi ni nyepesi mno, na picha zimechapwa pande zote mbili! Tulimpaka Medusa, yule mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, kwa maka peni, wino wa wale nyoka ukapenya hadi kwa Pegasus aliye nyuma yake. Tumieni penseli za rangi. Halafu Pegasus ndiye yule farasi mwenye mabawa aliyetoka kwenye damu ya Medusa, shujaa Perseus alipomkata kichwa, lakini kitabu hakisemi neno. Chini ya kila picha kuna jina tu. Sentensi mbili zingetosha.

Hydra, yule nyoka mwenye vichwa vingi, mtaruka. Magamba yake ni madogo kama vichwa vya pini, mtoto anachoka kabla ya kumaliza shingo moja.

Kilichoniudhi zaidi ni mushussu, joka la Babeli. Amechorwa sawasawa, miguu ya mbele ya simba, ya nyuma ya ndege, pembe kichwani. Ila pembeni wameandika: "Paka kijani." Kwa nini? Kwenye Lango la Ishtar, lango la mji wa Babeli alilolijenga mfalme Nebuchadnezzar wa Pili, joka hili ni jeupejeupe juu ya matofali ya buluu. Mwambieni mtoto hivyo, au mwacheni achague mwenyewe. Kumwamuru kijani ni kumnyima yote mawili.

Kwa watoto wa miaka sita na kuendelea ninakipendekeza, pamoja na karatasi yake hiyo. Walio chini ya hapo mistari itawashinda.

Kabla sijaondoka, mtazameni Sfinksi, ile sanamu kubwa ya mwili wa simba na kichwa cha mtu iliyo mji wa Giza. Mwanangu amempaka uso mwekundu. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kumsogezea penseli ya rangi ya mchanga, kisha nikakumbuka: Sfinksi mwenyewe, kule Misri, bado ana mabaki ya rangi nyekundu usoni. Nikairudisha penseli kwenye kopo.