Kliniki ya mkojo: nyota nne kwa mikono, mbili kwa mdomo

Mimi ni dereva wa lori, miaka 24 barabarani, na miaka mitatu ya mwisho utingo wangu alikuwa anajua kabla yangu kwamba tunasimama. Kila saa moja nachimba dawa. Nasimama kando ya gurudumu, nasubiri, linatoka tone, linakatika, linaanza tena. Nikirudi kwenye usukani ni kama sijaenda. Naandika kwa mwanamume mwenye shida kama yangu anayejiuliza akivuka mlango wa kliniki ya mkojo atafanywa nini. Jina la kliniki naliacha, maana nina la kuwasifu na nina la kuwalaumu.

Siku ya kwanza hakuna kisu. Unapewa karatasi ya maswali saba: unaamka usiku mara ngapi, mkojo unakatika, unajikamua, na kadhalika. Kila jibu lina alama 0 mpaka 5. Mimi nilipata 24 kati ya 35, na kuanzia 20 wanahesabu tatizo ni kubwa. Damu ya kipimo cha PSA, protini ya tezi dume ambayo ikizidi inaweza kuashiria saratani, walichukua kabla ya kunigusa popote. Kisha kidole. Najua wapo wanaume waliokaa na ugonjwa miaka kwa kuogopa hicho kidole tu. Unalala kwa ubavu, unakunja magoti, daktari anapapasa tezi dume kupitia njia ya haja kubwa kujua ukubwa wake na kama kuna sehemu ngumu. Mimi hufunga kamba za viatu kwa muda mrefu zaidi ya ule.

Kilichonifurahisha ni mashine ya kupima kasi ya mkojo. Unakunywa maji mpaka kibofu kinajaa, unaingia chumbani peke yako, unakojolea kwenye faneli, na mashine inachora mstari. Mstari wa mtu mzima wa afya unapanda kama kilima kisha unashuka. Wangu ulilala kama barabara ya mbugani: mililita 7 kwa sekunde pale ulipofika juu kabisa. Wakiona 15 na zaidi wanaridhika. Chini ya 10 wanashuku kuna kinachoziba. Wakanipitisha kwenye ultrasound hapohapo, mililita 180 bado zimo ndani. Kumbe ile hisia kwamba sijaenda haikuwa hisia. Nilikuwa kweli sijaenda.

Wakasema tezi dume imekua na inabana njia ya mkojo. Nikaanzishwa tamsulosini, dawa ambayo hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi. Ilinisaidia miezi minane. Ubaya wake, ukisimama ghafla kichwa kinazunguka, na dereva hatakiwi kichwa kuzunguka. Nikawa naimeza usiku nikishaegesha.

Halafu usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Sitaeleza maumivu yale. Nilipelekwa dharura, muuguzi akanipaka jeli ya ganzi, akasubiri dakika kadhaa (wengine hawasubiri, mwambie asubiri), akapitisha mpira wa mkojo. Ndani ya kibofu mpira huo una kibaluni kinachojazwa maji ili usichomoke. Mfuko ukajaa mililita 900. Nililia, na si kwa uchungu.

Sasa ikawa ni upasuaji, na kabla yake walitaka kuona ndani kwa kamera inayopita njia ya mkojo. Ile yao ni laini, inajipinda, nene kama kalamu ya risasi au pungufu kidogo. Jeli tena, subira tena. Inapopita kwenye tezi unahisi kubanwa na hamu kali ya kukojoa. Muuguzi aliniambia nichezeshe vidole vya miguu na nipumue kama napuliza uji, na ajabu ni kwamba inafanya kazi, maana ukijikaza ndipo inauma. Nililala nikitazama kibofu changu mwenyewe kwenye skrini, kuta zake zimejaa mikunjo na misuli iliyovimba kwa kusukuma miaka yote ile. Dakika tano tukamaliza. Kukojoa kuliwaka moto siku ile na kesho yake, mkojo ukawa na rangi ya waridi, kisha basi. Kama wewe utapata homa, mabonge ya damu, au mkojo ukigoma baada ya kamera, rudi siku hiyohiyo.

Upasuaji wenyewe hauna mshono. Wanapita njia ileile ya mkojo, wanakwangua nyama ya tezi kipande kwa kipande kwa waya wa umeme. Ganzi ni sindano ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho, miguu si yangu, nasikia wanazungumza. Saa moja na kidogo. Mikono yao naipa heshima yote: sikuongezewa damu, sikupata homa, na kila dakika palikuwa na mtu kichwani pangu ananiuliza, "Mzee, upo sawa?"

Mdomo wao sasa. Baada ya kukwanguliwa hivi, wanaume wengi shahawa hazitoki tena mbele. Zinarudi kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo. Kusimama kwa kawaida kunabaki kama kulivyokuwa, raha inabaki, ila kinachotoka ni kikavu. Haina madhara kwa afya, lakini kumpa mkeo mimba kunakuwa kugumu. Unajua nililisikia lini? Nikiwa nimeshavaa gauni la kijani, kitanda kimeshaanza kusukumwa, daktari anainamia na karatasi ya kutia sahihi. Mimi nina watoto wanne, nikasema haya. Lakini kijana anayetafuta mtoto angeamuaje akiwa juu ya magurudumu? Na mke wangu, ambaye jambo hili ni lake pia, alilisikia kwangu siku ya tatu. Hizo ndizo nyota mbili za kwanza zilizoanguka.

Wodini unakuta mpira mwingine, mnene zaidi, wenye njia tatu: moja ya kibaluni, moja inaingiza maji ya chumvi kutoka mifuko mikubwa iliyoning'inia, moja inatoa. Maji yanazunguka ili damu isigande ndani. Mfuko utakuwa mwekundu, usitishike, unapauka polepole. Kinachochosha ni kibofu kukakamaa: unahisi lazima ukojoe sasa hivi, na mkojo unavuja pembeni mwa mpira. Usijikamue. Waambie, kuna dawa yake. Mpira ulitolewa asubuhi ya pili, na hapo nikakojoa kama bomba lililopasuka, kwa moto, lakini kwa nguvu ambayo nilikuwa nimeisahau.

Wakaniruhusu na maneno mawili: "Kunywa maji, pumzika." Siku ya 12 nikaona damu nyekundu chooni, nikajua ninakufa. Nikapiga simu kliniki, simu haikupokelewa mpaka mchana. Muuguzi alipopokea alicheka kidogo, kwa upole: kigaga cha kidonda cha ndani hubanduka kati ya siku ya 10 na ya 14, na damu hurudi kwa muda, ninywe maji, nisinyanyue vitu vizito wiki nne mpaka sita, nisijikaze chooni. Kama ni mabonge au mkojo umeziba, hapo nije mbio. Si mimi wa kwanza kupitia hapo, na hakuna aliyeniandikia hata mstari mmoja. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemsaidia utingo kubadili tairi. Nyota ya tatu ikaenda, na nusu ya kosa naichukua mwenyewe.

Vipande vya nyama walivipeleka maabara. Wiki ya tatu nikaambiwa hakuna saratani. Daktari akaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kilichokwanguliwa ni sehemu ya ndani tu, ganda la tezi bado lipo, kwa hiyo PSA nitaendelea kupima.

Wiki ya sita walinirudisha kwenye faneli yangu. Mililita 21 kwa sekunde, na mstari umepanda kilima. Nikapewa ile karatasi ya maswali saba, 24 imekuwa 5. Alama mbili kati ya hizo ni za usiku, bado naamka mara mbili. Utingo anasema siku hizi ni yeye anayeomba tusimame.