Uzoefu wangu na ukaguzi wa majengo: gereji kuwa chumba cha kulala

Nyumba yetu ipo Uingereza, na gereji iliyoungana nayo sasa ni chumba cha kulala. Ninayoitathmini hapa ni huduma ya ukaguzi wa majengo ya halmashauri, ambayo naipa nyota nne kati ya tano, ingawa ada yake si ndogo.

Mafundi wengi huchanganya kibali cha mipango miji, yaani ruhusa ya kubadili jengo, na kanuni za ujenzi, yaani viwango vya usalama na ubora wa kazi yenyewe. Kwa kawaida, kazi ikiwa ya ndani na jengo lisiongezwe ukubwa, kibali hakihitajiki, isipokuwa halmashauri iwe imeondoa haki ya kufanya kazi hiyo bila kibali katika eneo lako, au nyumba iwe imeorodheshwa kuwa ya kihistoria, au kibali cha awali kiwe na sharti kwamba gereji ibaki ya kuegeshea gari. Sharti hilo ndilo la kutafuta kwanza. Fundi mmoja aliniambia kwamba, kwa kuwa kibali hakitakiwi, hakuna atakayetuuliza. Nilimshukuru nikatafuta mwingine.

Kanuni za ujenzi hazikwepeki. Ipo njia ya kutoa taarifa tu kisha kuanza kazi, lakini nilichagua kuwasilisha ramani kamili zikaguliwe kabla, na hapo ndipo nilipoona faida ya ada ile. Mkaguzi alitaka kujua chini ya lango kuna nini. Fundi alipochimba, akakuta jamvi jembamba la zege lisilo na msingi wa kubeba ukuta, kwa hiyo ukuta wa kuziba lango ukajengewa msingi wake. Sakafu nayo ilikuwa chini kuliko ya nyumba, nafasi iliyotosha nailoni ya kuzuia unyevu na vihami joto.

Kwa kuwa chumba kinafikiwa kwa kupitia sebuleni, dirisha lilipaswa kuwa njia ya kutokea moto ukizuka. Mkaguzi alilifungua mwenyewe akapima uwazi: usipungue mita za mraba 0.33, upana na kimo kila kimoja kisipungue milimita 450, na ukingo wa chini usizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya cheti cha kukamilika kwa ujenzi, ambacho mwanasheria wa mnunuzi hukiulizia nyumba inapouzwa. Kazi ilikwisha kukubaliwa, lakini cheti hakikutumwa mpaka nilipokumbusha kwa maandishi.