Vifaa vya masikio na maiki ya mwalimu: mwaka mzima darasani na mwanangu

Mwanangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita, akapona, tukarudi nyumbani tunashukuru Mungu tukijua yameisha. Kumbe masikio yameathirika. Mi nikawa nagomba nadhani ni jeuri, unamwita hageuki, tivii anaweka sauti mpaka mwisho, shule wanasema siku hizi hamakiniki. Baada ya miezi minne ndo tukaenda kupima. Na hapa nasema kabisa kabla sijafika kwenye vifaa, mtoto akiugua hii homa mpimishe masikio mapema, ndani ya wiki chache tu, manake sikio la ndani linaweza kuanza kujaa mfupa na hapo hata ile operesheni ya kupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio inakuwa ngumu. Sisi hatukuambiwa tulivyoruhusiwa.

Wetu alibakiwa na usikivu kiasi kwahiyo akapewa vifaa vya kukuza sauti vya kuvaa nyuma ya sikio, viwili, pamoja na maiki ndogo ambayo mwalimu anaivaa kifuani.

Vya sikio nasema viko poa ila vina kazi. Ile moldi, kipande kinachotengenezwa kwa umbo la sikio lake na kuingia sikioni, lazima ikae sawasawa, na mtoto anakua, ikianza kulegea tu kifaa kinapiga mluzi darasa zima linageuka, yeye anavua anaficha kwenye begi. Usimkaripie, kapime moldi mpya. Betri zake zinatumia hewa, ukishabandua kile kistika ndo imeanza kuisha hivyo, uitumie usiitumie, na kukirudisha hakusaidii kitu. Mi nilibandua pakiti nzima siku ya kwanza nikidhani najiandaa 😅

Sasa maiki. Hii ndo imebadilisha mambo asee. Kifaa cha sikio peke yake kinakuza kila kitu, viti vinavyoburuzwa, watoto wanaopiga kelele, na mwalimu akiwa mbali sauti yake inazama humohumo. Maiki inaileta sauti ya mwalimu moja kwa moja sikioni hata akiandika ubaoni kawapa mgongo. Imla alikuwa anapata mbili, tatu, sa hivi anakosa moja moja kama wenzake.

Shida ni mwalimu sio maiki. Kuna siku kasahau kuizima akaenda ofisini na dogo akasikia maongezi yote ya walimu, akaja kutuhadithia nyumbani (siandiki hapa). Siku zingine inakaa kwenye droo, haijachajiwa wiki nzima, na hakuna aliyejua. Na wakifanya kazi za vikundi haisaidii sana kwa sababu sauti za watoto wenzake haziingii, labda wapokezane maiki au mwalimu arudie kilichosemwa. Tumeomba, mwalimu mmoja anafanya, wengine wanasema muda hautoshi.

Pia msitegemee kifaa kifanye yote. Huu ugonjwa kwake uligusa mpaka balansi, gizani anayumba, mpira anaanguka ovyo, na akirudi shule amechoka kuliko dada yake manake kutwa nzima anakisia maneno. Akifika tu anavivua mwenyewe anaweka kwenye kikopo chao cha kukaushia unyevu. Tunamwacha saa nzima hatumwongeleshi, homwek baadaye. Mwanzoni nilikuwa namlazimisha avivae mpaka kulala, tulikuwa tunagombana kila jioni.

Huduma ya waliotuuzia, wastani. Kupima na kuseti walikaa naye vizuri sana bila haraka, ila ukipiga simu kuulizia moldi ni kesho kesho.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ile klipu ya maiki, imevunjika mara mbili sa hivi tumefunga na utepe. Wiki iliyopita nimeitwa shule, dogo anapiga stori na mwenzake somo linaendelea. Nimesaini kwenye daftari nikatoka nacheka peke yangu.