Nankatai (biskuti za samli) au aiskrimu ya maembe, utengeze ipi hapa Lamu?

Mi natengeza zote mbili na cha kwanza naangalia stima. Nankatai haina shida na stima, unga vikombe 2, samli 1, sukari ya kusaga 1 na iliki, waweka juu ya seredani makaa kidogo chini mengi juu ya mfuniko, ukiona zimepasuka nyufa na harufu ya samli imejaa ua basi epua hata kama bado laini, zitakauka zenyewe. Kwa mkebe uliofungwa sawasawa zakaa hata wiki 2. Ila samli ni ghali jamani.

Aiskrimu msimu wa maembe ni nafuu zaidi, lakini sukari usipunguze sana maana ndio inayoizuia isigande ikawa jiwe, na uikoroge kila nusu saa kuvunja chembe za barafu. Stima ikipotea usiku ishayeyuka, ukiigandisha tena haiwi laini, na iliyokaa na joto hili mwaga tu.

Kama wasafiri kwenda Malindi beba nankatai. Una friza ya kutegemewa na watoto wa madrasa wapita mlangoni, tengeza aiskrimu.