1JZ ndani ya GX100: injini tamu, nyaya chungu

Haya wakuu, karibuni tena. Bidhaa ya leo haikuja kwenye boksi, ilikuja mgongoni mwa kirikuu ikiwa inavuja oili. Sasa iko chini ya boneti ya Toyota Mark II yangu, bodi ya GX100, na imenitoa jasho miezi mitatu.

Ni injini ya 1JZ-GE, ile ya VVT-i, yaani inayojirekebishia muda wa valvu kufunguka, lita 2.5, haina tabo. Sifa zake mnazijua, sitamaliza bando zenu. Ile 1G-FE ya mwanzo niliyoitoa ilikuwa lita 2, nguvu za farasi 140 za kwenye makaratasi. Hii ni farasi 200. Zote silinda sita za mstari, na Toyota mwenyewe aliiuza bodi hii hii ikiwa na 1JZ, akaiita JZX100. Ndiyo maana utaambiwa kazi yake ni chomoa, chomeka. Hata mimi niliambiwa. Subirini.

Utamu kwanza, nisije nikaonekana mlalamishi. Kwa 1G, Kitonga, ule mlima mkali wa njia ya Iringa, nilikuwa napanda nyuma ya lori, nimezima AC, naomba dua. Wiki iliyopita nimepanda watu watano, buti limejaa vyombo vya harusi, AC inapuliza, na mshale wa mizunguko haujafika 3,000. Sijaovateki mtu, Kitonga hapana, lakini mguu unajua kwamba kuna kitu bado kimebaki. Gari inavuta kama inashuka. Hapo nilisamehe kila kitu.

Kisha nikafika Iringa, ikaanza kukohoa.

Dogo, sogeza kamera. Hapa, karibu na ukuta wa injini. Mnauona huu mkungu wa nyaya? Tepu nyeusi juu ya tepu nyeusi, kama kidonda kilichofungwa na mtu asiye nesi. Sasa nawasha. Sikilizeni, imetulia, unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya kava. Natikisa kwa vidole viwili tu... Umesikia? Narudia. Hiyo! Injini imepiga chafya. Natikisa waya, injini inashtuka. Hapo hujagusa plagi, hujagusa pampu, ni waya tu.

Nikabandua tepu. Kumbe muuzaji alikata nyaya kwa koleo ili injini itoke haraka, fundi wangu wa kwanza akaja kuzisokota mkono kwa mkono. Tazama huu, wa sensa ya krenki, ile inayopima mzunguko wa injini. Umezungushiwa wavu wa shaba. Ule wavu si urembo, jamani. Unazuia makelele ya umeme wa koili yasiingie kwenye ishara ya sensa. Fundi kaukata, katupa, kaunga waya mtupu. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikisikia makelele, inadhani krenki imeruka, inapiga cheche wakati si wake. Mimi nimebadilisha plagi sita na koili kwa sababu ya kipande cha wavu kirefu kama kidole!

Na si injini tu. Hii otomatiki, gia zake zinaamriwa na kontroli boksi hiyo hiyo. Ukinunua injini ya huku, boksi la kule, giaboksi ya jirani, utakuwa na gari yenye maoni matatu.

Kwa hiyo ukienda kununua, Ilala au popote, injini itazame mwisho. Tazama nyaya. Tafuta gari iliyokatwa nusu, hafukati, ambayo mkungu wake unaingia mpaka ndani, nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria, na kontroli boksi bado imechomekwa. Ikiwa imekatwa, ondoka, hata akikuita mwanangu, mwanangu.

Halafu angalia kava. Ikiandikwa D-4, hiyo ni 1JZ-FSE, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Ni mnyama mwingine, na nyaya zake nyingine. Kuna watu wameuziwa hiyo wakidhani ni GE.

Najua wa 2JZ mko hapo mnaandika. Lita 3, farasi 220, sawa, lakini bei wanayoitaja siku hizi ni kama inakuja na dereva. Wa V8 mniache kidogo, breki za gari hii zenyewe zilipangiwa injini ndogo, na hata kwa 1JZ nimelazimika kuweka pedi na diski mpya kwanza. Wenzetu wa Nairobi na Subaru zenu, nawapenda, tuonane kwenye mlima.

Tangazo dogo: video zimehamia Jumapili usiku, Ijumaa nashindwa. Maiki mpya hii, niambieni kama sauti imeboreka.

Bei, kwa shilingi zetu. Injini na giaboksi 2,800,000. Fundi wa kwanza 500,000, ambazo ni sawa na kuzitupa Mto Msimbazi. Fundi wa pili, wa umeme, 250,000, na huyo nilitamani nimpe zaidi. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili, badilisha injini ikiwa bado iko chini, usijifanye mjanja. Na namba ya injini kwenye kadi si hii tena, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, ubadilishe taarifa, mwambie na mtu wa bima.

Mafuta? Foleni ya Mbagala napata kilomita 6 kwa lita, 1G ilinipa 8. Zamani ada ya kila mwaka ilikwenda kwa ukubwa wa injini, ikafutwa 2017 ikahamia kwenye kila lita ya mafuta. Kwa hiyo ukubwa huu unaulipa sheli, kidogokidogo, bila mtu wa kukukumbusha.

Haya, dogo, rudisha kamera pale. Huu ni mkungu ule ule baada ya fundi umeme. Kila kiungo kimechomelewa kwa risasi, kimevishwa mrija unaojikaza ukipata moto, na waya wa krenki umepata wavu mpya, umefungwa kwenye arthi. Nawasha. Natikisa. Natikisa tena, kwa nguvu, mkono mzima.

Kimya. Ila jirani ndiyo kachungulia dirishani. Shikamoo mama, tunazima sasa hivi.