Uzoefu wangu na soko letu: ushuru kila siku, mafuriko kila masika

Nauza nyanya, vitunguu na hoho katika soko moja la pembezoni mwa Dar es Salaam. Jina silitaji, maana ninayemlalamikia ndiye aliyenipa meza. Ila watu wengi wananiuliza kama kuingia sokoni kunalipa kuliko kupanga chini barabarani, kwa hiyo naeleza kama mteja wa soko, na mteja kweli ni mimi. Kila siku natoa shilingi 500 ya meza, kuna mchango wa mlinzi wa usiku, na chooni ni 300.

Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni ukusanyaji. Binti wa ushuru hakosi. Mvua inyeshe, yeye yupo na mabuti yake, anaruka juu ya mawe tuliyoyapanga wenyewe, anabonyeza kimashine chake, risiti inatoka na jina la manispaa, tarehe na kiasi. Hata siku ambayo hujauza fungu moja, atafika. Ukimlalamikia anakujibu kwa adabu: "Shikamoo mama, mimi nimetumwa kukusanya tu." Gari la taka lingekuwa na nidhamu hiyo, nisingekuwa naandika haya.

Mtaro ndio kero kubwa. Unapita katikati ya upande wa mboga na upande wa samaki, na umejaa mchanga mpaka mdomoni. Masika ikianza Machi, maji hayana pa kwenda, yanapanda mezani kwetu na magamba ya samaki, maganda ya mahindi na chupa za maji. Tenga unalipandisha juu ya matofali, yasipotosha unaongeza. Nyanya iliyoguswa na maji yale haifiki kesho, unamsukumia mama ntilie kwa bei ya hasara, kama na yeye amefungua siku hiyo. Mteja wangu wa miaka mingi alisimama pale mwanzo wa soko, khanga ameikunja mkononi, akaniita kwa sauti: "Mama, mpe kijana aniletee hapa hapa, huko mimi siingii." Nikampelekea. Baadaye nikamwona ananunua kwenye kirikuu iliyoegeshwa barabarani. Simlaumu hata kidogo.

Halafu giza. Nguzo zipo, taa hazipo. Huku kwetu wateja ni watu wanaofanya kazi mjini, wanashuka kwenye daladala kuanzia saa moja jioni, na ndiyo saa yetu ya kuuza. Tunauza kwa tochi za simu. Mtu hawezi kuchagua nyanya asiyoiona, anaahirisha mpaka kesho, na kesho anapita njia nyingine.

Choo ni kisafi, kwa kweli. Amekodishwa mtu binafsi.

Mwaka huu tulikaa kikao na kamati ya soko, tukaandika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi wa manispaa. Tuliomba vitu vitatu: mtaro uzibuliwe na ufunikwe, taa ziwashwe, njia za ndani zimwagiwe kifusi. Tulitaka kuambatanisha risiti ili ionekane tumekuwa tukilipa. Kumbe wino wa vile vikaratasi unafifia, wengi walileta maboksi ya karatasi nyeupe. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa viazi ambaye huwa anazitoa kopi kwenye duka la steshenari kila zikijaa mfukoni. Za kwake ndizo zilizokwenda.

Jibu likaja kwa mdomo: vumilieni, mtajengewa soko la kisasa, na tukaonyeshwa picha ya ghorofa. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi ghorofa silitaki. Machinga Complex, lile ghorofa la wamachinga pale Ilala, ilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na vizimba vingi vilikaa vitupu kwa miaka, kwa kuwa wanunuzi hawakupanda. Anayetaka nyanya za 1,000 apande ngazi kufuata nini? Na soko likivunjwa mnahamishwa, kurudi ni kwa orodha. Kariakoo iliungua usiku wa Julai 10, 2021, na hadi 2024 majina ya wanaorudi yalikuwa bado yanazua mzozo. Kama hali ilikuwa hivyo Kariakoo, ambako macho ya nchi nzima yapo, sisi wa huku nani atatutafuta kwenye orodha?

Isitoshe, hekima ya maji si ya kisasa. Soko kuu la Kariakoo lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli, likafunguliwa 1975, paa lake lilibuniwa likusanye mvua na kuishusha kwenye matangi ya chini. Sisi tunaomba mtaro tu.

Kosa jingine la utaratibu wa kuomba ni wakati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini mapendekezo yanaanzia mtaani na kwenye kamati ya maendeleo ya kata miezi mingi kabla, ndipo baraza la madiwani lipitishe. Watu wanakumbuka mtaro Aprili, maji yakiwa magotini, wakati chungu kimeshaepuliwa. Barua yetu inarudi tena Novemba, safari hii na picha za masika, na tumekubaliana neno ghorofa lisiwemo.

Kwa anayefikiria kuja: biashara ipo, watu wanazidi kujenga huku na wote wanakula. Chukua meza za juu, karibu na wauza nafaka, hata kama aliyepo anakudai kilemba kikubwa, yaani pesa ya kukuachia meza. Zile za karibu na mtaro zinatolewa kwa bei nafuu sana Januari na Februari, kukiwa kukavu. Usizichukue kabla hujaja kuziona mvua ikinyesha. Na taa ya kuchaji njoo nayo.