Wachambuzi wa karafuu na vitabu vyangu sita

Binamu yangu wa Maskati alipokuja likizo aliniletea vitabu sita, vyote riwaya za Kiingereza za miaka hii ya karibuni: za kutisha, za majini na za mapenzi. "Hivi ndivyo vinavyosomwa sasa," akanambia. "Vina watu kama sisi ndani yake." Nikavipanga juu ya kabati na kwa wiki nzima sikuvigusa. Msimu ulikuwa umeshaanza, na hapa kwetu Mtambwe, Pemba, msimu wa karafuu ukianza hakuna anayeulizwa kama ana shughuli nyingine. Skuli nasomesha Kiingereza, lakini mbele ya mama mkwe na karafuu mbichi mie ni mikono miwili tu.

Kila baada ya Isha tunakaa ukumbini wanawake saba, wanane, tumezunguka chungu ya karafuu. Unashika kishada, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Baada ya saa moja vidole vinanata na usingizi unabisha hodi. Usiku wa pili wifi yangu akasema, "Si wewe unasoma? Tuhadithie basi." Ndiyo ikawa kazi yangu. Mchana nasoma pembeni ya jamvi la karafuu zilizoanikwa, jicho moja kitabuni na jingine mawinguni, usiku nahadithia. Kwa hiyo maoni haya si yangu peke yangu, na wachambuzi wakali kama wale sijapata kuwaona.

Nilianza na Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, iliyotoka 2020. Noemí, msichana wa kitajiri wa Mexico City, anatumwa na baba yake mwaka 1950 akamtazame binamu yake aliyeolewa huko milimani, kwenye ukoo wa Kiingereza uliokuwa na mgodi wa fedha. Binamu ameandika barua ya ajabu, anasema anatiliwa sumu. Nyumba yenyewe imeoza, kuta zimejaa ukungu, na michoro ya karatasi za ukutani inaonekana kama inatambaa.

Hapo sikuwa na haja ya kuelezwa kitu. Nilipokuwa chuo Unguja nilikaa Mji Mkongwe, chumba cha nyuma katika nyumba ya mawe na chokaa. Masika ukuta unatoka jasho. Chokaa inavimba, ukiibonyeza kidole kinazama kama kwenye mkate uliolowa. Palikuwa na doa juu ya kitanda changu ambalo nilipohamia lilikuwa kama kikombe, na mvua zilipokwisha lilikuwa na mabega. Niliyekaa naye chumba kimoja aligeuza kitanda chake miguu upande wa kichwa ili asilione. Sasa mtu akiniandikia ukuta unaopumua, namwamini kabla hajamaliza sentensi.

Ila nusu ya kwanza inasota. Noemí anaingia chumbani, anatoka chumbani, anavuta sigara, anaingia tena. Nilihadithia masiku mawili bila ya kutokea jambo, hata bibi mmoja jirani yetu, ambaye amepita sabini, akauliza bila ya kuinua macho, "Huyo mtoto hana kwao? Kwa nini harudi?" Sikuwa na jibu. Jibu lipo, limekaa mwisho wa kitabu na linachefua kweli kweli, na usiku niliolitoa hakuna aliyekubali kwenda choo cha uani peke yake.

Kilichonitisha zaidi mie lakini si ukungu. Katika nyumba ile ni marufuku kuzungumza wakati wa chakula. Watu wazima wanakaa mezani, wanakata nyama, kimya. Mwaka 1995, Popobawa, yule shetani anayesemwa huwavamia watu usiku, alipoitia Pemba hofu, nilikuwa na miaka minane. Tulilala nje, nyumba nne tano pamoja, moto unawaka mpaka alfajiri. Sikumbuki kivuli wala mbawa. Namkumbuka baba, amekaa na panga mapajani, na mie naona kabisa kwamba hajui atamkata nani. Tangu hapo kitabu cha kutisha nakipima kwa watu wazima wake. Zimwi kila mwandishi analiweza. Moreno-Garcia anawaweza wale waliokaa mezani.

Kilichofuata ni A Master of Djinn ya P. Djèlí Clark, ya 2021. Ni Cairo ya mwaka 1912, lakini siyo ile ya vitabu vya historia. Mlango baina ya ulimwengu huu na ule wa pili umeshafunguliwa miaka mingi nyuma, majini wanaishi na watu mchana kweupe, na kwa msaada wao Misri imewatoa Waingereza. Ipo mpaka wizara ya mambo hayo, na mpelelezi wake ni Fatma, anayevaa suti za Kiingereza na kofia yake ya duara. Nikisoma peke yangu nilifurahi sana. Mji umejaa, mbio hazishi, na mwandishi anaijua raha ya nguo nzuri.

Ukumbini kitabu kikaanguka siku ya kwanza. Nimesema "jini" tu, maswali yakaanza. Jini gani? Ruhani? Rubamba, wa hapa hapa Pemba? Au kibuki, kutoka Bukini, yaani Madagaska? Kwa mtu wa huku neno jini peke yake ni sawa na kusema "amekuja mtu". Nikajaribu kueleza kwamba Clark naye ana aina zake, wapo marid, wapo ifriti, na rangi zao na pembe zao. "Na wanataka nini?" akauliza mama mkwe. Hapo ndipo penyewe. Kwetu shetani akipanda anaulizwa jina, anaulizwa katoka wapi, anaulizwa anataka nini, na maelewano yanaanza, maana atakaa na ukoo huo pengine vizazi vitatu. Majini wengi wa Clark wana kazi za kulipwa na hasira ndogondogo. Wifi akakata shauri: "Basi hao ni watu, wameota pembe." Nilicheka, lakini tangu siku ile sikuweza kukisoma kama mwanzo. Na mkosaji anayetafutwa na Fatma nilishamjua kitabu hakijafika nusu. Fatma ana mpenzi, mwanamke mwenzake anayeitwa Siti. Hapo nilipita mbio mbele ya mama mkwe, sisemi uongo, ingawa ni katika kurasa zilizoandikwa kwa upole kuliko zote.

Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, ya 2018, nilikiacha katikati. Wanahadithia watatu kwa zamu na nikasahau kila mara nani anasema, kwa kuwa wote wanasema kwa sauti moja, na hawaachi kukimbia. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu amekichukua na hajakirudisha, anasema anakisoma mara ya pili. Labda tatizo ni umri wangu.

Binamu alinambia pia kwamba sasa ndiyo Waafrika wameanza kuandika mambo kama haya. Nikaingia ndani nikamtolea Babu Alipofufuka, ya Said Ahmed Mohamed, mtu wa Pemba hii hii. Ilitoka 2001. Mzee aliyekwisha kufa anamrudia mjukuu wake, mkubwa wa serikali, kumuuliza habari za dunia aliyoiacha. Akaigeuza nyuma na mbele, akanambia jalada lake halivutii. Kwa hilo sikumbishia.

Mama mkwe, mwanamke asiyependa kusifu hata pilau, alishindwa na The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, ya 2023. Amina ni nahodha mwanamke wa karne ya 12, jambazi wa baharini aliyestaafu, goti linamuuma, ana binti mdogo na mama anayemkemea. Bibi mmoja tajiri wa Aden anamtaka amtafutie mjukuu wake aliyechukuliwa na Mzungu mmoja aliyepigana vita vya msalaba. Amina anasali, anakosea, anatubu, anakosea tena. Kumpata mwanamke Muislamu wa makamo, mwenye makosa yake, ambaye kitabu hakimhukumu wala hakimsafishi, kwangu hilo peke yake lilitosha bei, japo bei sikulipa mie. Halafu bahari ni yetu. Pepo za msimu ndizo zinazoamua nani anafika na nani anangoja. Alipotajwa mume wake Raksh, na mambo yake nayaacha muyasome, pakawa na kelele mpaka mtoto akaamka.

Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza langu: mabaharia wake wanataniana kama vijana wa sinema za Marekani, mzaha baada ya mzaha, hata mahali pa kunyamaza. La pili la mama mkwe. Marawati, merikebu ya Amina, inashuka mpaka Mogadishu kumchukua rubani wake wa zamani, halafu inageuka. "Wamefika Mogadishu," akasema, "wakashindwa kuja siku chache kwa kaskazi?" Ana haki yake. Hapo ng'ambo, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari za dhahabu, za zamani kuliko Amina. Mji ulikuwepo. Mwandishi anayejua kutafuta kama Chakraborty angetupitia hata kwa maji ya kunywa.

Mapenzi yalikuwa na kitabu kimoja, Ayesha at Last ya Uzma Jalaluddin, ya 2018, Waislamu wa Toronto. Shujaa wake, Khalid, anavaa kanzu na kofia mpaka kazini, ana ndevu, na bosi wake anamchukia kwa hilo. Wifi hakuamini kwamba mwanamume wa namna hiyo ameandikiwa kitabu cha mapenzi huko Kanada, wakati sisi tunao kila barazani na hakuna anayewaandikia hata barua. Mapenzi yenyewe ni ya macho na maneno, nami nayaona matamu zaidi hivyo. Lakini tatizo lote la kitabu limejengwa juu ya majina kuchanganywa, Ayesha akidhaniwa ni binamu yake Hafsa, na linavutwa mno. "Kwani hawakuwa na mshenga?" aliuliza bibi jirani. Mshenga mmoja mzuri angekimaliza kitabu ukurasa wa themanini.

Cha mwisho kilikuwa The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, ya 2021, na nilikiweka mwisho kwa sababu kilikuwa chembamba. Ni Mombasa. Aisha, binti wa Kihadhrami, baba yake mvuvi ametoka baharini hakurudi, naye anamfuata kwa mashua ya mifupa akiongozwa na paka msomi. Kiingereza chake ni kizito, mara nyingine nilirudia aya moja mara tatu. Ila nilipofungua mdomo kuhadithia, maneno yalikuja yenyewe, kama mtu aliyevua viatu kwenye mlango wa kwao. Hakuna aliyeuliza paka anasemaje. Aliulizwa baba katoka na upepo gani.

Kasoro ninayo. Baada ya safari ya bahari kitabu kinalegea, kunguru na mazungumzo yao yananishinda. Na linaniuma kwamba tumefikiwa nacho kwa Kiingereza. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ilitoka 1994, na Kiswahili chake, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, kikaja 2022. Nikihesabu hivyo kitabu cha Bajaber nitakisoma kwa Kiswahili nikiwa mzee.

Usiku ule bibi jirani aliacha kuchambua. Kaka yake alitoka na ngalawa upande wa kisiwa cha Fundo, zamani, mie sijazaliwa. Kishada kilikuwa mkononi mwake, hakukisukuma wala hakukiweka chini. Nilipofika mahali pa mazimwi ya baharini akanikata: "Alimpata?"

Nikamwambia. Akakisukuma kile kishada, akachukua kingine.

Vitabu viko kwangu, isipokuwa kile cha mwanafunzi. Mexican Gothic kilipigwa na mvua pamoja na jamvi, kurasa mbili tatu zimegandana na kinanuka karafuu, anayekitaka aje. Amina yuko kwa mama mkwe, anatazama ramani ya mbele. The House of Rust siazimi.